Mashine ya T9: yenyewe inafaa, video zake ndizo zinazodanganya

Ni vigumu kupita ukurasa wa winga wa Kariakoo (dalali wa bidhaa) bila kuiona: kimashine cha rangi ya dhahabu kilichochongwa joka au sura ya Buddha, kinapita shavuni mara moja, ndevu zinadondoka na ngozi inabaki inang'aa. Hiyo ndiyo T9. Dar es Salaam kwa kawaida haizidi Sh 25,000, na Nairobi ukiambiwa zaidi ya Sh 1,500 za Kenya, tembea duka la pili. Kwa bei hiyo tunaipendekeza. Lakini mwenye ndevu za kipilipili akiitumia jinsi video inavyoonyesha, wiki haitaisha kidevu hakijajaa vipele, na lawama ataitupia mashine.

Tuanze na hizo video. Nyingi zimerekodiwa China, muuzaji wa huku anaweka sauti ya Kiswahili na bei. Anayenyolewa ana ndevu zilizonyooka, ambazo zikikatwa hadi kwenye ngozi huota zikitoka nje tu. Wengine hupakwa povu jeupe kwanza. Povu likifagiliwa, linabaki barabara safi ya ngozi, na jicho linaamini kwamba mashine imenyoa kama wembe, kumbe kilichoondoka zaidi ni povu. T9 hukata nywele kavu vizuri zaidi, na povu likiingia kwenye meno hukauka na kuyashikanisha. Halafu kuna ile ya kuiweka chini ya bomba. Kifaa cha kuoshwa huwa na alama. IPX7, kwa mfano, ina maana kinavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Itafute alama hiyo kwenye boksi na kwenye mwili wa mashine. Usipoiona, maji hapana, hata kama kwenye video limewekwa beseni zima.

Kuuzia wanaume vifaa vya kunyolea kwa video ni mtindo wenye historia. Machi 2012 kampuni ya Marekani, Dollar Shave Club, iliweka YouTube video fupi ya kuchekesha iliyogharimu kama dola 4,500, mwanzilishi Michael Dubin akiigiza mwenyewe. Ndani ya siku mbili wateja wapatao 12,000 walikuwa wameshajiunga, na mwaka 2016 Unilever ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1. Tangu hapo kila muuzaji anajua kwamba video ikinoga, maelezo hayaulizwi. Kwa aina ya ndevu zetu, maelezo ndiyo yanayolinda uso.

Ndani ya boksi unatarajia mashine, waya wa USB, vitana vya plastiki vitatu au vinne (mara nyingi vya mm 1, 2 na 3), burashi ndogo na kichupa cha mafuta. Kichwa cha chaji hakimo. T9 si bidhaa ya kiwanda kimoja. Ni umbo lililonakiliwa na viwanda vingi, kwa hiyo mbili zilizokaa rafu moja zinaweza kutofautiana sana. Ndiyo maana kuichagua kwa mkono kuna faida kuliko kuletewa na bodaboda.

Ukiwa dukani, kwanza ipime uzito mkononi. Yenye mwili wa chuma ni nzito na ya baridi ukiishika. Ya plastiki iliyopakwa rangi ni nyepesi, na ukiigonga kwa ukucha unaisikia. Iwashe, uisikilize kwa nusu dakika. Mlio unatakiwa uwe mmoja, usiopanda wala kushuka. Ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, meno hayajakaa sawa, hilo linarekebishika. Ukisikia mota inazubaa, inaongeza kasi kisha inapunguza, iache. Geuza kichwa uangalie meno kwenye mwanga: ncha za meno ya juu, yale yanayocheza, zisipite ncha za meno ya chini hata kidogo, wala upande mmoja usiwe mbele kuliko mwingine. Chomeka waya, tikisa kidogo kwenye tundu. Taa ikiwaka na kuzimika, tundu limelegea tangu kiwandani, na kasoro hiyo huwa inaongezeka, haipungui. Mwisho, angalia skrubu mbili za meno. Skrubu yenye kichwa kilichokwanguka imeshafunguliwa na mtu kabla yako.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani nafasi ya meno.

Vinyozi wanapenda T9 iliyowekwa sifuri, meno ya juu na ya chini yakilingana ncha kwa ncha, kwa sababu inachonga mstari mkali wa paji na wa ndevu. Viwanda vingi huituma ikiwa karibu na hali hiyo, ili ing'are kwenye video. Kwa nywele za kipilipili, sifuri ndiyo chanzo cha shida. Nywele zetu hutoka kwenye kitundu kilichopinda, na zenyewe zimejikunja. Ukizikata sambamba na ngozi, ncha inabaki kali kama mkuki. Inapoanza kuota inajipinda na kuichoma ngozi kwa nje, kando tu ya pale ilipotokea, au inaitoboa kwa ndani kabla haijatoka. Mwili unaichukulia kama mwiba. Hapo ndipo vinapokuja vipele, usaha, na baadaye madoa meusi ambayo huchukua miezi kufifia. Kuna wanaoita chunusi na kuhangaika na sabuni, lakini kinachowasumbua ni unywele uliojichomeka.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuacha unywele mfupi juu ya ngozi: nusu milimita hadi milimita moja. Kwa mbali unaonekana umenyoa. Ukipitisha kiganja unasikia ukwaruzo kidogo, na huo ukwaruzo ndio usalama wako.

Kuipata nusu milimita kwenye T9 kunahitaji bisibisi ndogo ya nyota na utulivu. Zima mashine. Legeza skrubu mbili za nyuma ya meno kwa nusu mzunguko tu. Usizitoe, maana springi iliyo chini itaruka na kile kiplastiki kinachoshika meno ya juu kitahama mahali pake. Sukuma meno ya chini mbele taratibu kwa kidole gumba mpaka ncha zake zitangulie. Kipimo cha nyumbani ni karatasi za fotokopi za kawaida, za gramu 80: tano zikibanwa pamoja zina unene wa karibu nusu milimita. Zishike kando ya meno na ulinganishe kwa jicho. Kisha kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, meno yanavutwa upande na kona moja inabaki imechomoza; kona hiyo ndiyo inayokata watu nyuma ya sikio. Washa, gusisha meno upande wa ndani wa mkono, chini ya kiganja, bila kukandamiza. Ikitekenya, sawa. Ikiacha michirizi myeupe, nafasi bado ni ndogo, rudia.

Kuna hasara yake, na ni vizuri uijue kabla. Nafasi ikiongezeka, mstari wa pembeni unapoteza ukali. Anayetaka mstari wa kupigia picha aende kwa kinyozi siku ya shughuli, na hii ya nyumbani aiache na nafasi yake. Wapo wanaoibana sifuri na kutegemea kitana cha mm 1. Inawezekana, ila vitana vya T9 ni plastiki laini, vinapinda ukivikandamiza na huchomoka ghafla ukizungusha mkono kwenye taya. Kikichomoka katikati ya kidevu na meno yako sifuri, umeshajichimbia kipara katikati ya ndevu.

Kunyoa kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kabisa. Chana ndevu kwa kitana cha kawaida kuelekea zinakoota. Shingoni zinaota kila upande, kwa hiyo papasa kwanza ujue zinaelekea wapi. Anza na kitana cha mm 3 ushushe urefu, kisha kitoe. Pitisha mashine kufuata uotaji, mkono mwepesi, bila kuvuta ngozi. Hapo kwenye kuvuta ngozi ndipo wengi huharibu: ngozi ikivutwa, unywele unachomoza, unakatwa, halafu ngozi ikiachiwa unarudi ndani, na ile nusu milimita uliyoihangaikia imepotea. Usipite sehemu moja zaidi ya mara mbili. Zikibaki nywele chache, ziache hadi wiki ijayo. Malizia na maji ya baridi, kausha kwa kupiga-piga taulo safi, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Spiriti na afta-shevu yenye alkoholi kali huunguza na kukausha ngozi ambayo tayari imesuguliwa.

Kisogoni kunahitaji neno la peke yake. Video nyingi zinaonyesha T9 ikisafisha mstari wa nyuma hadi ngozi, na wanaume wengi wana vile vipele vigumu vya kisogo ambavyo mwishowe huungana kuwa makovu yaliyovimba na kuua nywele. Kunyoa karibu sana huvichochea, na kola inayosugua pia. Aliyekwishaanza kuviona asipeleke T9 kisogoni bila kitana, na aende kwa daktari wa ngozi mapema, vikiwa bado vidogo.

Mwenye vipele vingi kidevuni apumzike kunyoa kwa wiki nne au zaidi. Katika muda huo nywele nyingi zilizojichomeka huchomoka zenyewe kadiri zinavyorefuka. Usizichimbue kwa pini. Na ile krimu ya duka la dawa inayotuliza kwa siku mbili, soma tyubu yake: ikiwa na betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi. Ukiipaka usoni kila siku bila daktari, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha hali inarudi vibaya zaidi.

Tuje kwenye matunzo, maana T9 nyingi zinazotupwa hazijafa, zimekauka tu. Matone matatu ya mafuta, moja kila kona na moja katikati ya meno, washa sekunde kumi, futa kinachobaki. Fanya hivyo kila unapotaka kunyoa. Kichupa cha kwenye boksi kikiisha, mafuta ya cherehani yanafaa kabisa na yapo kila duka la vifaa vya ushonaji. Mafuta ya kula na ya nazi usiweke: yanaganda, yanakamata vumbi la nywele, na mota inaanza kusukuma gundi. Baada ya kunyoa, burashi kavu kwenye meno, na kila baada ya wiki chache fungua meno kabisa uondoe nywele zilizojibana nyuma. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, ujue kila kipande kilikaa vipi. Ukirudisha na mashine ikapiga kelele kama ya debe, pini ya mota haijaingia kwenye tundu la kiplastiki. Fungua tena, usilazimishe.

Mashine ikianza kung'oa badala ya kukata, usikimbilie kununua nyingine. Angalia chaji kwanza, kwa sababu betri ikishuka mota inapunguza kasi na nywele zinakamatwa bila kukatwa. Kisha mafuta, kisha nywele zilizojaa nyuma ya meno. Yote matatu yakiwa sawa na bado inang'oa, meno yamekwisha. Meno ya kubadilisha yanauzwa peke yake. Nenda na mashine dukani uyalinganishe, hasa umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, kwa sababu si kila meno yanayoitwa ya T9 yanaingia kwenye kila T9.

Kuhusu usafi, hakuna mjadala: mashine ya ndevu haiazimwi. Inaacha mikwaruzo isiyoonekana, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai juu ya kitu kikavu kwa siku saba. Ikibidi itumiwe na ndugu wawili, burashi itangulie, kisha spiriti ya asilimia 70 kwenye meno yaliyoachwa yalowe na kukauka yenyewe, kisha mafuta. Bila kuondoa nywele na grisi kwanza, spiriti haifiki kwenye chuma. Jiki inaleta kutu, usiitumie.

Betri ni seli ya lithiamu ya volti 3.7. Boksi hutaja mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 1,200 au 1,500. Zichukulie kama matangazo. Chaja ya simu ya kawaida ya volti 5 inatosha. Zile zenye tundu la Type-C zina kasoro moja inayowafanya watu wazirudishe dukani bila sababu: nyingi hazichaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, kwa kuwa kiwanda kimeokoa pesa kwenye vipande viwili vidogo vya sakiti. Tumia waya wenye kichwa cha USB pana upande wa chaja, taa itawaka. Usiiache chaji ikiwa sifuri kwa miezi, seli inaweza kugoma kuamka. Na ikivimba au kupata joto kali ikiwa kwenye chaji, itoe na usiichaji tena.

Je, washindani wake? Philips OneBlade, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ni chaguo bora kwa mwenye ngozi sumbufu na mfuko unaoruhusu. Kisu chake kinacheza mara 200 kwa sekunde, kimefunikwa ili kisikae sambamba kabisa na ngozi, na inaoshwa kwa maji bila wasiwasi. Ubaya upo kwenye vipuri: kampuni inashauri kisu kibadilishwe kila miezi minne kwa anayenyoa mara mbili kwa wiki, na kisu kimoja halisi kinaweza kukaribia au kuzidi bei ya T9 nzima. Modeli ya QP2520 pia inataka saa nane za chaji kwa dakika 45 za kazi. Bandia zimejaa, kwa hiyo nunua kwa wakala.

Vile vishevu vidogo vya mviringo vya kuweka mfukoni, ambavyo navyo vinavuma kwa video, hatuvipendekezi kwa ndevu za kipilipili hata kidogo. Nywele iliyojikunja haiingii kwenye vitundu vya wavu, inaishia kukandamizwa na kuvutwa, na zile chache zinazoingia zinakatwa chini kabisa. Wembe wa Topaz kwenye kishikio chake bado ni mzuri kuliko wembe wa plastiki wenye makali matano, kwa kuwa makali mengi ya mfululizo huuinua unywele na kuukata chini ya ngozi. Lakini mwenye vipele aache wembe wote. Poda ya kunyolea, kama Magic, haileti ncha kali kwa sababu inayeyusha unywele, ila inaweza kuunguza. Jaribu kipande kidogo siku moja kabla, fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo bila kuongeza, na usiipake juu ya kipele kilicho wazi.

Ukiamua kuagiza bila kwenda dukani, mwombe winga akurekodie video ya mashine ileile atakayokutumia, ikiwashwa, meno yakionekana kwa karibu na waya ukichomekwa. Video hiyo ya sekunde kumi na tano ina thamani kuliko ile ya povu. Kubaliana naye kulipa ukipokea, na iwashe mbele ya bodaboda kabla hujatuma pesa. Ongeza meno ya akiba na kichupa cha mafuta kwenye mzigo huohuo, maana kuvifuata baadaye nauli itapita bei yake. Na siku itakapofika, kabla haijagusa ndevu, toa bisibisi urekebishe nafasi ya meno.